Utakijuaje Kituo Kinachomfaa?

Mtaalamu wa ustawi wa jamii anawajibu wazazi na ndugu wanaotafuta huduma kwa watu wazima wenye ulemavu wa akili au usonji.

Mwanangu ana miaka 24 na ana ulemavu wa akili. Nimepata kituo cha kutwa chenye majengo mapya na ratiba nzuri. Nikikague vipi?

Majengo yasikuchukulie muda, mama. Mwombe msimamizi akueleze habari za mtu aliyejiunga miaka miwili iliyopita: leo anafanya nini peke yake ambacho hakukiweza? Anapanda daladala? Anashika fedha zake? Ukitajiwa semina walizohudhuria wafanyakazi, swali lako halijajibiwa. Kama wanaohudumiwa wanatunga shanga, uliza zinauzwa wapi na fedha inaingia mfukoni mwa nani. Mtu mzima anayetunga shanga miaka nenda rudi bila kulipwa hafundishwi tena, anafanyishwa kazi.

Yeye hujibu "ndiyo" kwa kila jambo. Nitajuaje kama anapapenda?

Hapa ndipo tathmini nyingi huharibika. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamelelewa kukubali, maana kukataa kuliwaletea karipio. Kaa naye mahali alipozoea, bila mfanyakazi karibu. Mpe picha mbili achague, kisha siku nyingine uzibadilishe nafasi. Akishika ya kulia kila mara, bado hujapata jibu. Uliza pia kwa upande wa pili: "Kuna mtu anayekuudhi pale?"

Asiyezungumza kabisa naye ana lake la kusema. Gari likifika anavaa viatu mwenyewe au anajificha? Jumapili usiku analala vipi? Ameanza kujipiga? Andika haya kwenye daftari tangu kabla hajaanza, kwa sababu mzazi aliyechoka huona nafuu hata pasipo na nafuu. Na mtu akikwambia "ni tabia za ulemavu wake", usikubali kabla hujahakikisha kwamba haumwi jino wala haumizwi na mtu. Nimeona watu wakipewa dawa za kuwatuliza ilhali walichohitaji ni daktari wa meno.

Kituo kimesajiliwa na hukaguliwa. Haitoshi?

Haitoshi. Winterbourne View, hospitali binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili karibu na Bristol, Uingereza, ilisajiliwa na ikalipwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Muuguzi mmoja alitoa taarifa za mateso, zikafika hadi kwa mamlaka ya ukaguzi, lakini hakuna aliyeshughulika. Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC ikaonyesha wagonjwa wakipigwa na kudhalilishwa. Mwaka uliofuata wafanyakazi 11 wakahukumiwa. Ndugu walipotembelea hawakuruhusiwa kuingia wodini. Kwa hiyo nenda bila taarifa, uombe kuona anapokula na anapopumzika. Wakikuzuia mapokezi, usimwache mwanao pale.

Kwetu hakuna kituo. Kaka yangu ana miaka 40, na mama amezeeka.

Basi ipimeni nyumba yenu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 19 inampa kaka yako haki ya kuishi katika jamii na kuchagua akae wapi na nani. Je, ana rafiki asiye ndugu? Mama akilazwa, nani anajua dawa za kaka yako? Kaeni kikao mama angali na nguvu, kaka mwenyewe akiwepo, na mwalikeni afisa ustawi wa jamii. Mwulizeni pia kuhusu mikopo ya halmashauri, ambayo hutengewa asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa ajili ya watu wenye ulemavu.