Ushauri: Kisima cha Mama J. kwenye mlima wa Igogo, Mwanza

Mama J.,

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Umechoka kupandisha ndoo mlimani, na umechoka kuamka usiku wa manane kusikiliza kama bomba limeanza kutoa maji. Sasa mchimbaji amekuambia kwamba jirani wa chini alipata maji kwenye mita 40, basi na wewe utayapata. Wenzako wa VICOBA, kikundi chenu cha kuweka na kukopa, wako tayari kukukopesha, nawe unawaza kuuzia majirani kwa ndoo ili mkopo ujilipe. Mwanamke anayetafutia nyumba yake maji hana haja ya kujitetea kwa mtu. Lakini umeniuliza usaini au usisaini, nami sitakuzungusha.

Mwamba unaoukalia

Mawe yaliyozunguka nyumba yako ni matale, ukoo mmoja na lile jiwe la Bismarck pale ufukweni mwa ziwa. Umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Itale zima halinywi maji wala halitoi. Katika miamba ya namna hii maji hukaa mahali pawili tu: kwenye tabaka la juu lililooza likawa kichanga, na kwenye nyufa. Mabondeni tabaka hilo huwa nene. Mlimani mvua imelikokota miaka na miaka, na mara nyingi ukitoa udongo kidogo unagonga jiwe.

Kwa hiyo kisima cha jirani wa chini kinaeleza habari za kiwanja chake. Ufa uliompa maji unaweza kuelekea upande mwingine kabisa, usikufikie.

Umeandika pia kwamba ziwa unaliona ukiwa barazani, itakuwaje maji yakosekane? Mwanangu, ziwa kuwa karibu hakulainishi jiwe. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nawe uko juu zaidi. Hata ukichimba ukafika usawa wa ziwa, pasipo na ufa utakuta vumbi la jiwe.

Fundi anayelipwa kwa mita

Mkataba ulionieleza unalipa kwa kila mita, maji yapatikane yasipatikane. Simlaumu mchimbaji, dizeli anainunua, na itale linakula vifaa vyake. Ila elewa nani amebeba hasara: ni wewe. VICOBA hawatangoja maji yatoke ndipo wadai rejesho.

Anayetaka kuchimba huanza na upimaji. Mtaalamu wa maji ya ardhini hupitisha umeme ardhini kupima ukinzani wake. Jiwe zima na kavu huukataa, na lililooza lenye maji huupitisha. Mfinyanzi nao huupitisha, kwa hiyo kipimo hakikupi uhakika, kinakupunguzia kubahatisha. Yule mzee uliyemtaja, anayetafuta maji kwa fimbo ya mti, mshukuru kwa wema wake na usimlipe.

Kisha kuna kibali. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, maji yaliyo chini ya kiwanja chako si mali yako binafsi. Ofisi inayohusika ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, iko hapa hapa Mwanza. Mchimbaji anayekuambia kibali kitafuata baadaye, muulize leseni yake iko wapi.

Vyoo vilivyo juu yako

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba juu yako kuna nyumba zenye vyoo vya shimo. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote.

Kwenye jiwe, shimo la choo halichimbiki kwenda chini sana. Mvua za Machi hadi Mei zikija, linafurika. Udongo mnene ungechuja uchafu huo, ufa wa mwamba hauchuji. Unaumeza wote na kuuteremsha haraka kuliko unavyodhani. Zile mita 30 ambazo watu hutaja kati ya choo na kisima, kwenye nyufa za itale usizitegemee.

Utasema utachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti inayotoka vyooni, na mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji yenye naitreti nyingi anaweza kukosa oksijeni mwilini. Floridi nayo, ambayo ni tatizo linalojulikana katika visima vya ukanda wetu huu, haitoki kwa kuchemsha. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Macho hayaioni, ulimi hauionji, na meno ya watoto yanaibeba maisha yote.

Nawe unataka kuuza. Ukinywa peke yako utaugua peke yako, ukiuza utaugua na mtaa.

Pesa hiyo hiyo

Tazama bati lako. Mwanza hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka. Paa la mita za mraba 60, ukitoa moja ya tano inayopotea, linakupa kama lita 48,000. Weka mifereji mizuri, acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga kwenye simtanki la lita 5,000. Tanki hilo likijaa lina uzito wa tani 5, kwa hiyo kwenye mteremko jengea msingi imara wa mawe na saruji kabla ya kulileta. Siku za kiangazi, Juni hadi Septemba, litakinga maji ya bomba yanayotoka usiku, nawe utalala. Nenda pia MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, pamoja na majirani zako, si peke yako, mkaulize ratiba na msukumo wa maji ya mlimani kwenu. Ombi la kaya nyingi hujibiwa tofauti na la mtu mmoja.

Basi jibu langu: usisaini mkataba huo. Kopa kiasi cha tanki, mifereji na msingi wake. Ikiwa baadaye bado moyo unataka kisima, pima ardhi kwanza, kata kibali, andikisha nani atalipa shimo likiwa kavu, na sampuli ya maji ipelekwe maabara ya ubora wa maji kabla hujauza hata ndoo moja.