Manowari Pegasus katika Bandari ya Unguja, 1914

Wanaopita kwa mashua karibu na kisiwa cha Chapwani wamekwisha yaona makaburi ya Waingereza yaliyopo pale. Baadhi ya hayo ni ya mabaharia wa manowari Pegasus, na yafaa ieleweke walivyofikwa na mauti.

Pegasus, iliyoshushwa majini mwaka 1897, ilikuwa manowari ndogo na imekwisha chakaa Vita Kuu ilipoanza. Septemba 1914 ilitia nanga Unguja ili itengenezwe mitambo, hivyo haikuweza kuondoka kwa haraka. Alfajiri ya tarehe 20 ikatokea manowari ya Kijerumani, Königsberg, chini ya nahodha Max Looff. Pegasus ilikuwa na mizinga minane, lakini makombora yake yalianguka baharini kabla ya kumfikia adui. Ya Wajerumani yalifika. Ushujaa, kwa hakika, haurefushi mzinga. Mabaharia zaidi ya 30 waliuawa, wengi wakajeruhiwa, na chombo kikazama.

Königsberg nayo ilijificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake wakaivuta bara; mmojawapo ulitumika Kahe, katika reli ya Tanga ipitayo Korogwe, mwezi Machi 1916. Mizinga ya Pegasus pia iliopolewa, na mmoja umewekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mmoja wa Königsberg.