Edgy si "mkali": vidokezo 8 kuhusu neno lenye makali kuwili

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri tangazo la ofisi. Wakaguzi wa hesabu walikuwa wanakuja wiki ile, na bosi, ambaye Kiswahili kilimpiga chenga, aliandika kwa Kiingereza kwamba uongozi uko "a bit edgy", kwa hiyo wafanyakazi wavumilie. Nikatafsiri bila kufikiri mara mbili: "Uongozi ni mkali kidogo wiki hii." Tangazo likabandikwa ukutani karibu na mtungi wa maji. Kufika saa nne asubuhi, stoo kimya, mapokezi kimya, na dereva mmoja akanifuata mezani kwangu, akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, nani kafukuzwa?"

Hakuna aliyefukuzwa. Ni mimi niliyeteleza kwenye neno la herufi nne. Tangu siku hiyo nimelifuatilia kama mtu anayedai deni, na haya ndiyo niliyookota.

1. Anza na kisu

Edgy limezaliwa na edge, yaani makali ya kisu au upanga. Na pia ukingo, uwe wa meza, wa barabara au wa shimo. Ni neno la siku nyingi. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "ecg". Ukilibandikia y mwishoni linageuka kuwa sifa, kama vile salt, chumvi, inavyozaa salty, yenye chumvi. Mwanzoni, katika karne ya 18, edgy lilisemwa kwa vitu vyenye kingo kali. Kufika karne ya 19 likahamia kwa watu na hali zao.

Weka picha mbili kichwani: mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo, na kisu ambacho ukikigusa tu kimeshakukata. Ukizishika zote mbili kwa pamoja, neno umelipata. Kulitamka si kazi: sema "eji", ile d isikusumbue.

2. Hesabu hisia, utakuta ziko mbili

Ndani kuna wasiwasi, nje kuna hasira za karibu. Chukua nyumba inayongoja matokeo ya kidato cha nne. Baba ameshika rimoti, anabadilisha stesheni bila kutazama hata moja. Anainuka, anachungulia dirishani, anarudi kukaa. Simu inatoa mlio, anairukia. Kumbe ni tangazo la vifurushi. Mara huko jikoni mtoto anaangusha kijiko. "Nyie hamwezi kutulia hata dakika moja?"

Kijiko hakina kosa, na mtoto hana kosa. Baba huyo ndiye edgy. Mwondolee wasiwasi wa matokeo, abaki anafoka tu, na neno litakuwa jingine. Mwondolee kufoka, abaki anachungulia dirishani kimyakimya, na hapo pia neno litakuwa jingine. Lazima viwepo vyote viwili.

3. Usikimbilie "mkali"

Hapa ndipo nilipoanguka, na sababu ya kuanguka ni rahisi: edge ni makali, kwa hiyo edgy ni mkali. Hesabu imekubali, maana imekataa. Ukali ni tabia. Mwalimu mkali ni mkali Jumatatu hadi Ijumaa, na anajua anachokifanya. Edgy, likisemwa kwa mtu, kwa kawaida ni hali iliyompata. Jambo linalomsumbua likipita, anarudi kuwa yule yule mnayemjua. Tena mkali mara nyingi ana cheo juu yako, wakati edgy anaweza kuwa mgeni kazini, bibi harusi, au golikipa kabla ya penati.

Ukitaka kukumbuka kwa wepesi: mkali huogopwa, edgy huogopa.

4. Wajue majirani zake

Kiingereza kina ukoo mzima wa maneno ya aina hii, na kila moja lina kazi yake:

- Nervous: ana hofu, lakini hajamfokea mtu.
- Irritable: hukasirika upesi, pawe na wasiwasi au pasiwe. Madaktari nao hulitumia.
- Jumpy: hushtuka hovyo; mlango ukigongwa, yuko juu.
- Testy: hukosa subira na hujibu kwa mkato. Asili yake ni neno la Kifaransa cha zamani lenye maana ya kichwa, na hapo kale lilimaanisha mtu kichwa ngumu.
- Fretful: hatulii na hulalamika, hasa mtoto mchanga. Mzizi wake, fret, zamani ulikuwa na maana ya kula au kutafuna. Sisi nasi husema jambo linamla mtu.
- Cranky: ana kisirani cha uchovu au usingizi.
- Hangry: njaa na hasira zilizounganishwa kuwa neno moja. Kamusi kuu ya Oxford ililipokea mwaka 2018.

Edgy linakaa katikati ya nervous na irritable. Ukiona hofu na ufokaji vimekaa kiti kimoja, ndilo hilo.

5. Usidharau mtaa, tayari unalo neno

Panda daladala usikilize konda na abiria wakivutana juu ya chenji. Sauti zikipanda, mmoja atamwambia mwenzake: "Sasa mbona unapaniki?" Haulizi kama mwenzake ameogopa. Anauliza kwa nini amewaka. Neno hili lilitoka kwenye Kiingereza likiwa na maana ya hofu, likafika Tanzania likabebeshwa na hasira. Mtaa uliona kwamba mambo hayo mawili hayaachani, ukayatia kwenye mfuko mmoja.

Bila shaka huwezi kuandika "uongozi umepaniki" kwenye barua ya ofisi. Kwa maandishi yenye koti na tai, kuna "ana wahaka" pale wasiwasi unapozidi, "ana hasira za karibu" pale ufokaji unapozidi, na "roho iko juu" pale unapotaka msomaji amwone mtu mwenyewe. Ikibidi, tumia maneno mawili. Hakuna sheria kwamba neno moja la Kiingereza lazima lilipwe kwa neno moja la Kiswahili.

6. Angalia linamsifu nani

Hapa ndipo upande wa pili wa kisu ulipo. Filamu ikiitwa edgy, haina wasiwasi wala haimfokei mtu. Maana yake ni kwamba inathubutu: inagusa mambo ambayo wengine wanayaogopa, inakaa pembeni mwa kilichozoeleka. Maana hii ilishika kasi mwishoni mwa karne ya 20, na leo utaikuta kwenye habari za muziki, mitindo ya mavazi na uchekeshaji.

Tena hapo "mkali" anarudi kukutega. Sisi tukisema msanii fulani ni mkali, tunasema ni hodari, hata kama anaimba nyimbo za harusi zisizomkera yeyote. Msanii edgy anaweza kuwa hodari au wa kawaida kabisa, ila lazima awe na uthubutu. Kati ya vijana wa mitandaoni neno limeshaanza hata kutumika kwa kejeli: mtu akijaribu mno kushtua watu, wataliita tendo lake edgy huku wakicheka.

Njia ya kutofautisha ni hii: likisemwa kwa mtu kuhusu hali yake ya leo, ni wahaka. Likisemwa kwa kazi ya sanaa au mtindo, ni uthubutu. Na ukisoma kwenye habari za biashara kwamba masoko yako edgy, wawekezaji ndio roho juu.

7. Wapokee na watoto wa edge

Misemo ya neno hili ni mingi, na mingine ina undugu na yetu.

"On edge" ni sawa kabisa na edgy ya wasiwasi. Lakini ongeza "the", iwe "on the edge", na mtu amefika ukingoni, hatua moja aanguke. Kineno kidogo, tofauti kubwa.

"To have the edge" ni kumzidi mwenzako kidogo tu, kama timu inayocheza nyumbani.

"To set one's teeth on edge" ndiyo ile hali ya meno kufa ganzi kwa ukwaju au ndimu. Waliosoma Yeremia katika Biblia ya Kiswahili wanaijua picha hiyo. Siku hizi Waingereza huutumia msemo huu zaidi kwa sauti inayokera, kama kucha zikikwaruza ubao.

Ninaoupenda kuliko yote ni "to take the edge off". Neno kwa neno ni kuondoa makali, na Kiswahili kinasema vilevile: kupunguza makali. Tunapunguza makali ya maisha, tunapunguza makali ya njaa kwa tende mbili na kikombe cha uji, tunazo dawa za kupunguza makali ya virusi. Kwenye edgy Kiswahili na Kiingereza viliachana njia. Hapa vimekutana tena na kupeana mikono.

8. Mwambie mtu kwa upole, na uulize sababu

Kwa sarufi, shika vitenzi vitatu: "feel edgy", kujisikia hivyo; "get edgy", kuanza kuwa hivyo; na "make someone edgy", kumfanya mtu awe hivyo. Kinachomtia wasiwasi kinatanguliwa na "about": edgy about the exam, roho juu kwa ajili ya mtihani. Kuzidi ni edgier, kupita wote ni edgiest.

Kwa adabu, kumwambia mtu "You seem a bit edgy today" si tusi. Ni namna ya kusema: nimeona kuna kitu. Mara nyingi kipo. Usingizi mdogo, kahawa ya nne, au siku ya tatu bila sigara. Anayeacha kuvuta huwa na wahaka na hasira za karibu kwa pamoja, na neno hili linamkaa kama nguo ya kushonewa. Kwa Kiswahili ungeuliza tu, "Vipi leo, mbona roho juu?"

Na lile tangazo la ofisini sikuliacha vile. Nililibandua mchana uleule, nikaandika upya: "Wiki hii ya ukaguzi, uongozi una wahaka kidogo. Tuvumiliane." Mzee mlinzi alilisoma taratibu, kidole chake kikifuata mstari. Akavua kofia, akacheka.

"Kumbe na wao wanaogopa," akasema, akaenda kufungua geti.