Gundi katika Zulia na Namna ya Kuiondoa

Siku hizi mazulia yamo katika maktaba za shule, misikitini, maofisini na sebuleni kwa wazazi wetu. Zulia hununuliwa kwa fedha nyingi, mara nyingine kwa michango ya watu wengi, wala halinunuliwi kila mwaka. Lakini siku ya mahafali au ya maonyesho ya sayansi, nyaya za umeme hubandikwa chini kwa utepe wa gundi, na utepe ukisha kubanduliwa gundi hubaki. Baada ya juma moja mahali pale huwa peusi, na watu husema zulia limeharibika. Nia yangu ni kuonyesha kwamba halijaharibika bado, na kwamba mazulia mengi huharibiwa na msafishaji kuliko gundi yenyewe.

Kwanza yatupasa kujua gundi ya utepe ni kitu gani. Hufanywa kwa mpira au plastiki laini, nayo haikauki kama gundi ya seremala, bali hukaa laini kwa muda mrefu. Ndiyo sababu hushika kwa kubonyezwa tu, na kwa sababu hiyo hiyo hushika vumbi la kila kiatu kipitacho. Weusi tuuonao ni vumbi, si gundi.

Je, kwa nini haitoki kwa maji? Yeyote aliyepata kupasua fenesi anajua jibu. Utomvu wake hauondoki mikononi kwa maji, hata ukinawa mara kumi. Kwa hiyo wajuzi hupaka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kupasua. Wazee husema dawa ya moto ni moto. Na katika kemia, kitu chenye asili ya mafuta huyeyushwa na kitu chenye asili ya mafuta, na kitu kipendacho maji huyeyushwa na maji. Hiyo ndiyo kanuni ya somo hili zima.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

1. Tia barafu katika mfuko wa plastiki, uiweke juu ya gundi kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Baridi huifanya gundi kuwa ngumu na yenye kuvunjika. Ikwangue upesi kwa mgongo wa kijiko, wala si kwa wembe, kwa maana wembe hukata nyuzi.

2. Chovya kitambaa cheupe katika spiriti kidogo, ukijaribu kwanza kwenye pembe ya zulia isiyoonekana. Rangi ya zulia ikitoka na kuingia katika kitambaa, acha. Isipotoka, bonyeza kitambaa juu ya gundi, ukianza ukingoni kwenda katikati ili doa lisienee. Usisugue. Geuza kitambaa kila mara, la sivyo utairudisha gundi uliyokwisha kuitoa.

3. Ikiwa gundi ingali ipo, paka mafuta ya kupikia matone machache tu, ungoje dakika 10, kisha uifute.

4. Mafuta nayo hayana budi kuondolewa. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na vikombe viwili vya maji ya vuguvugu. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda mafuta, na nyingine hupenda maji; basi huyashika mafuta na kuyapeleka majini.

5. Mwisho, futa kwa kitambaa chenye maji safi, ukaushe kwa kitambaa kikavu. Sabuni ikiachwa katika nyuzi hunata, na weusi utarudi kama kwamba hukufanya kazi.

Gundi nyingine zina dawa nyingine. Gundi ya unga na ile nyeupe ya darasani hulainika kwa maji ya vuguvugu, kwa hiyo usizipotezee mafuta. Gundi kali ya matone huwa ngumu kama jiwe, nayo huyeyushwa na asetoni, iliyo katika dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha. Lakini asetoni huyeyusha pia aina fulani za nyuzi; kwa hiyo jaribu pembeni kwanza, au kata kwa mkasi ncha zilizoganda.

Yako mambo ambayo sharti tuyaepuke. Pasi ya moto haifai, kwa sababu mazulia mengi ni ya polipropilini, na plastiki hiyo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huiharibu sufu. Tena usimwage kiyeyushi chochote juu ya zulia, kwa maana nyuzi za mazulia mengi zimeshikwa kwa gundi upande wa chini. Ikilainika, zulia huachana na kitako chake.

Lililo baya kupita yote ni petroli. Wako wasemao kwamba huondoa gundi upesi, na ni kweli. Lakini petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi kali ya chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ukute mshumaa au jiko lililo mbali, kisha moto hurudi ulikotoka. Katika nyumba ya kulala wanafunzi wengi, doa la gundi haliwezi kuwa na thamani ya hatari hiyo. Spiriti na asetoni nazo huwaka. Zitumie kidogo, madirisha yakiwa wazi, mbali na moto.

Basi, kabla ya kushika kitambaa, msomaji ajiulize maswali matatu. Gundi hii ni ya namna gani? Zulia hili ni la nyuzi gani? Na dawa niliyo nayo itayeyusha lipi kati ya hayo mawili? Ajuaye majibu hahitaji nguvu nyingi. Subira na kitambaa cheupe vyatosha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne