Sikio Lako Halina Kosa

Mdogo wangu wa Kiseke PPF, ujumbe wako umenichekesha na kunikera kwa pamoja. Unapiga solo kwenye kwaya, pambio la pili likiisha gitaa limeshatoka kwenye tyuni, na kiongozi anatangaza mbele ya watu kwamba wasichana hawana sikio. Sasa unataka kujinyima ununue funguo mpya za kukazia nyuzi. Hiyo hela irudishe mfukoni kwanza.

Umesema gitaa lako lina umbo la Stratocaster na mkono wa chuma pale darajani. Basi tunajua tuanzie wapi. Daraja la namna hiyo, ambalo Fender waliliingiza sokoni mwaka 1954, halikukazwa likatulia kwenye ubao. Mara nyingi huachwa likielea. Mbele linavutwa na nyuzi sita, ambazo zikishatyuniwa zinavuta kwa pamoja kama kilo 40 hivi. Nyuma, ndani ya tumbo la gitaa, springi zinalirudisha. Ukikaza uzi mmoja, daraja linainama kidogo na zile nyingine tano zinalegea. Ndiyo maana ukimaliza wa sita unakuta wa kwanza umeshuka, unarudia tena kama mtu anayefukuza kuku uani. Ukivuta uzi kwa kidole ulie, wenzake wanashuka. Ukikandamiza kiganja juu ya daraja, zote zinapanda. Sikio linaingiaje hapo? Na mchana bati la kanisa likishawaka, chuma cha nyuzi kinatanuka, sauti inashuka zaidi.

Sasa nijibu kweli: ule mkono unautumia? Nina hakika huutumii. Solo zetu, za kwaya na za dansi, utamu wake uko vidoleni. Msikilize marehemu Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz utanielewa. Kwa hiyo lilaze daraja. Hata Eric Clapton, ambaye hakosi fedha ya gitaa lolote, alizoea kuziba daraja la Stratocaster zake kwa kipande cha mbao lisicheze.

Legeza nyuzi kidogo, geuza gitaa, fungua kile kifuniko cha plastiki mgongoni. Utaona springi, kwa kawaida tatu, zimeshikwa na kibati chenye skrubu mbili ndefu. Kwa bisibisi ya nyota kaza hizo skrubu kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, hadi daraja lilale kwenye ubao. Tyuni, kisha vuta uzi wa tatu kwa nguvu ukilichungulia daraja ubavuni: likinyanyuka bado, ongeza springi ya nne, hata ya tano. Nyuzi zikianza kugusa vyuma vya shingoni, pandisha kidogo vile vikalio vyake darajani. Usiogope, hakuna umeme wa kukurusha mahali hapo.

Daraja likishalala na bado gitaa linatoka kwenye tyuni, angalia kile kipande chenye mifereji sita kati ya kichwa na shingo. Ukigeuza funguo ukasikia "ting!", uzi unang'ang'ania mferejini, halafu unachomoka wakati unaoutaka wenyewe. Chonga penseli laini, 2B inafaa, paka unga wake mferejini. Dawa ya shilingi mia chache tu! Na kila unapotyuni, panda kutoka chini; ukizidisha, shuka chini ya sauti kisha upande tena.

Nyuzi za kutu, na kwa jasho la vidole na unyevu wa ziwa la huko kwenu kutu haichelewi, zibadilishe moja baada ya nyingine, unene uleule. Ukitoka 09 kwenda 10, mvutano unaongezeka na daraja linaweza kunyanyuka upya. Nyuzi mpya zivute kwa mkono mara kadhaa kabla ya ibada, zimalize kulegea nyumbani.

Rafiki yako anayetaka kununua gitaa lenye Floyd Rose, lile la kufunga nyuzi kwa vibanio huku na huku, mwambie asubiri. Likitulia linatulia kweli hata ukilitesa, lakini uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, daraja linavutwa nyuma na tano zilizobaki zote zinapanda. Kwa gitaa la kwanza, daraja lisilocheza linatosha.

Ila kabla hujashika bisibisi, mpe kiongozi wako gitaa hilo Jumamosi kwenye mazoezi. Mwombe apige mapambio mawili mfululizo, asimame palepale mbele ya wote, naye aonyeshe sikio lake.