Pedeli ikizama, badilisha masta ya breki

Umepakia viroba vya mawe duarani, unaelekea karasha. Unakanyaga breki, pedeli inashuka taratibu kama mguu kwenye tope la mbuga. Unapampu mara mbili, gari linasimama. Kesho yake unapampu mara tatu. Usisubiri siku ya kupampu mara nne. Masta imekwisha.

Kuibadilisha si kazi kubwa. Ukiwa na spana zako, mtu wa kukukanyagia pedeli na nusu siku, unaimaliza uani kwako, uwe Kahama, Katoro au Shinyanga mjini. Nitakueleza kwa pikapu ya Toyota ya dizeli, Land Cruiser au Hilux, maana ndizo zinazobeba ukanda huu. Ukiwa na ya umeme, nayo tutaifikia.

Kwanza hakikisha kweli ni masta. Washa injini, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida, shikilia sekunde 30. Pedeli ikiendelea kuzama na hakuna mahali panapovuja, sili za ndani zimechoka. Mafuta yanapita pembeni yake na kurudi badala ya kwenda kwenye magurudumu.

Pedeli laini inayodunda kama sponji ni upepo kwenye mapaipu. Pedeli ngumu kama jiwe ni haidroveki, yaani kisaidizi cha breki, au pampu yake ya upepo, ambayo kwenye dizeli nyingi za Toyota imefungwa nyuma ya alteneta. Watu wengi wamenunua masta kwa ugonjwa wa haidroveki. Usiwe mmoja wao.

Sasa zunguka gari. Gurudumu la nyuma likiwa limelowa kwa ndani, silinda ya gurudumu ndiyo inayovuja. Kisha pitisha kidole chini ya kiungo cha masta na haidroveki. Kikitoka na unyevu unaoteleza, sili ya nyuma imeachia na mafuta yanaingia ndani ya haidroveki. Hii ndiyo inayowachanganya watu: mafuta yanapungua kwenye kopo na chini halidondoki hata tone.

Fundi anaweza kukushauri ubadilishe raba za ndani ya masta peke yake. Ni rahisi zaidi, nakubali. Lakini kwa vumbi letu, silinda nyingi huwa zimekwisha kukwaruzika. Pitisha ukucha ndani yake. Ukikwama popote, silinda hiyo itakula raba mpya kama ilivyokula za zamani. Mimi nasema nunua masta nzima.

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, pamoja na namba ya chesesi. Masta za Land Cruiser zinafanana kwa macho lakini vipenyo vinatofautiana, na gari lenye ABS halitumii masta ile ile ya gari lisilo nayo. Kipenyo mara nyingi kimechongwa kwenye mwili wa masta. Soma, linganisha. Ukifunga nyembamba, pedeli itakwenda chini sana. Ukifunga nene, itakuwa ngumu na utatumia nguvu nyingi mguuni.

Kama duka la karibu halina saizi yako, agiza Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo wa kuja Geita hausubiri tena kivuko. Hakuna sababu ya kufunga isiyofanana eti kwa sababu ndiyo iliyopo.

Mafuta ya breki nunua chupa mpya, yenye sili ambayo haijakatwa. Soma kifuniko cha kopo la gari lako, utakuta DOT 3 au DOT 4. DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu wa hewani, kiwango chake cha chini kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Ndiyo maana chupa iliyofunguliwa mwaka jana si akiba. Itupe. Gari lenye tani nzima mgongoni likishuka mlima, breki zinapata moto kweli, na mafuta yakichemka yanageuka mvuke, pedeli inabaki tupu.

DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na hizo nyingine. Na kamwe usijazie haidroliki ya mashine, ATF au oili ya injini, hata kama uko porini na dumu liko karibu. Yanavimbisha raba zote, kuanzia masta hadi gurudumu la mwisho. Kosa la kikombe kimoja litakufanya ubadilishe mfumo mzima.

Kabla hujafungua nati yoyote, osha. Brashi, maji ya sabuni, kitambaa safi, halafu acha pakauke. Ukifungua kopo la mafuta lenye vumbi jekundu juu yake, punje za mchanga zinaingia moja kwa moja kwenye masta mpya. Hapa ndipo kazi nyingi za uani zinapoharibikia.

Egesha mahali tambarare, vuta hendbreki, weka mawe mbele na nyuma ya matairi. Chomoa waya wa hasi wa betri. Nyonya mafuta yote ya kopo kwa bomba la sindano. Chomoa waya wa kopo ule unaowasha taa ya breki. Tandaza kitambaa chini ya masta na weka ndoo ya maji karibu. Mafuta ya breki yanakula rangi. Tone likianguka kwenye bodi, usifute kwanza, mwagia maji mengi hapo hapo.

Nati za mapaipu kwenye Toyota nyingi ni namba 10. Tumia spana ya paipu, ile ya ringi iliyokatwa upande mmoja ili ipite kwenye bomba. Spana ya mdomo wazi inaviringisha nati, na nati ikishaviringa utaishia kukata paipu. Kama zimeshika kutu, zinyunyizie dawa ya kulainisha usiku wa jana yake. Zikilegea, toa paipu kwa upole bila kuipinda, kisha ziba ncha zake.

Masta yenyewe imeshikwa na nati mbili au nne, kwa kawaida namba 12. Fungua, uivute mbele moja kwa moja. Chungulia tundu la haidroveki. Ukiona dimbwi la mafuta, haidroveki nayo ikaguliwe kabla ya kuendelea.

Weka masta mbili pembeni kwa pembeni, pima kina cha tundu la nyuma kwa rula. Hapo ndipo chuma cha haidroveki kinaposukuma. Vikilingana, endelea. Kina kikiwa kifupi kwenye mpya, chuma kitaisukuma muda wote, breki zitabaki zimeshika na magurudumu yataungua. Kikiwa kirefu, pedeli itasafiri bure kabla ya kushika. Chuma hicho kina skrubu ya kurekebisha mbele yake.

Sasa tulia. Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wenye haraka, kisha wanashinda siku nzima wakipampu.

Toa upepo kwenye masta ikiwa bado mezani. Ibane kwenye jiliwa kwa masikio yake ya bolti, usiibane tumboni. Funga vijibomba viwili vya plastiki kwenye matundu ya mapaipu, uvirudishe ndani ya kopo, ncha zizame kwenye mafuta. Jaza mafuta mapya. Chukua bisibisi ya nyota, sukuma pistoni ya nyuma polepole, achia polepole. Mara ya kwanza utaona mapovu makubwa yakitoka kwa kubwabwaja. Endelea. Yatakuwa madogo kama mbegu za ufuta. Endelea tena hadi yanayopita yawe mafuta matupu na pistoni igome baada ya mwendo mfupi sana. Inachukua dakika kumi hivi. Huna vijibomba? Ziba matundu kwa vidole viwili, achia kidogo unaposukuma, ziba kabisa pistoni inaporudi.

Unaporudisha garini kuna ujanja mmoja. Usikaze nati za masta kwanza. Ziweke zikiwa zimelegea, uanze nati za mapaipu kwa vidole, mizunguko miwili mitatu. Masta ikicheza kidogo, uzi wa nati unajipata wenyewe. Zikishaingia zote, kaza masta, kisha mapaipu. Hapa haihitajiki nguvu ya kufungulia tairi. Kaza kwa kifundo cha mkono, uhisi imeshika, basi.

Sasa mtu wako aingie ndani, injini ikiwa imezimwa. Anza gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa gari la usukani kulia ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Chomeka mpira unaoonyesha ndani kwenye niple ya kutolea upepo, ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

Mkubaliane maneno matatu tu: kanyaga, shikilia, achia. Akikanyaga na kushikilia, wewe legeza niple robo mzunguko, mafuta na upepo vitoke, ufunge. Ndipo useme achia. Ukichelewa kufunga, upepo unarudi ndani na mnaanza upya. Kila baada ya mikanyago mitano jaza kopo. Likikauka mara moja tu, mmerudi mezani.

Pikapu nyingi zina vali ya mzigo nyuma, karibu na ekseli, ile yenye mkono unaosoma uzito uliopakiwa. Kama ina niple yake, nayo itolee upepo. Husahaulika, na mtu anabaki akimlaumu aliyemuuzia masta.

Haya, pikapu ya umeme. Nchini kwetu Land Cruiser za utalii zimekuwa zikigeuzwa kuwa za umeme tangu 2018, na kwenye migodi ya nchi nyingine pikapu za namna hiyo zinafanya kazi. Gari likiwa limegeuzwa hivyo, mara nyingi masta na haidroveki ni zile zile za Toyota. Kilichoongezwa ni pampu ndogo ya umeme ya kuvuta upepo, kwa kuwa injini haipo tena. Kazi ni hii hii niliyokueleza.

Tofauti iko kwenye kuutambua ugonjwa. Gari la umeme linapunguza mwendo kwa mota, na mota inarudisha chaji kwenye betri. Breki za mafuta zinafanya kazi kidogo. Masta inaweza kuchoka miezi kadhaa usijue. Halafu siku moja unaanza mteremko betri ikiwa imejaa, haina pa kuweka chaji, mota inaacha kushika na kazi yote inaangukia breki ya mafuta. Kwa hiyo fanya kile kipimo cha sekunde 30 kila mwezi, gari likiwa limewashwa na limesimama.

Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse. Zinabeba volti mia kadhaa, na kazi ya masta haikupeleki huko. Zima gari, peleka ufunguo mbali, chomoa betri ndogo ya volti 12, usubiri. Kuna magari, Prius ikiwemo, ambayo mfumo wa breki unaamka ukifungua tu mlango wa dereva na kusukuma mafuta wakati vidole vyako viko kwenye mapaipu. Na kama pikapu imetoka kiwandani ikiwa ya umeme, masta ikiwa imeungana na kisaidizi cha breki chenye kompyuta, usiifungue uani. Hiyo inatolewa upepo kwa mashine ya uchunguzi. Tafuta fundi mwenye nayo.

Ukimaliza, usikimbilie barabarani. Washa gari, kanyaga, shikilia sekunde 30. Pedeli isimame juu na ibaki hapo. Angalia kila kiungo kwa tochi na karatasi kavu ya chooni. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kisha tembea uani kwa mwendo wa mtu, simama, rudia mara kumi. Nenda kilomita chache bila mzigo. Gusa ringi zote. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake haiachii.

Usipakie jioni hiyo. Acha gari lilale. Asubuhi, kabla ya viroba, fungua boneti utazame alama ya kopo. Mafuta yakiwa yameshuka hata upana wa unyasi, gari halitoki.