Lugha ya Pendekezo la Utafiti wa Mifugo: Maziwa ya Mlandege na Mbung'o wa Unguja

1.0 Utangulizi

Pendekezo la utafiti hueleza jambo ambalo bado halijatendwa. Kwa hiyo udhaifu wake hujitokeza katika lugha kabla ya kuonekana zizini au maabara. Makala haya yanajadili vipengele vinne ambavyo mwanafunzi wa sayansi ya wanyama anayeandika kwa Kiswahili hana budi kuvimudu: tatizo, idadi, nadharia tete na mtenda.

2.0 Tatizo

Ichukuliwe kwamba mwanafunzi ameandika hivi:

(1) Utafiti huu utachunguza ubora wa maziwa ya ng'ombe yanayouzwa Mlandege.

Sentensi (1) ni sahihi kisarufi, lakini imetaja mada tu, tatizo halimo. Neno "ubora" lina sura nyingi. Maziwa yaweza kuwa yametiwa maji, yana bakteria wengi, au yamebakiwa na dawa aliyotibiwa ng'ombe. Kila sura ina kipimo chake na gharama zake. Tatizo hupatikana pale mwandishi anapochagua sura moja na kuonyesha ni nani anayedhurika jibu lisipojulikana: mnunuzi, muuzaji au mfugaji.

3.0 Idadi

Nomino "ng'ombe" haibadiliki umbo katika umoja na wingi. Idadi hudhihirishwa na upatanisho, kama katika "ng'ombe huyu" na "ng'ombe hawa". Katika "maziwa ya ng'ombe", hata hivyo, upatanisho umefuata "maziwa", na idadi ya ng'ombe imefichika. Je, sampuli ni maziwa ya ng'ombe mmoja mmoja, au ni mchanganyiko wa zizi zima? Mzungumzaji wa kawaida hahitaji jibu. Mtafiti analihitaji, kwani ng'ombe mmoja mgonjwa hawezi kutambuliwa ndani ya dumu lililochanganywa. Aidha, nomino hiyo haielezi jinsia wala umri, ingawa Kiswahili kina msamiati wa kutosha: ndama, mtamba, fahali, maksai.

4.0 Nadharia tete

Mfano bora umo Unguja kwenyewe. Nagana, maradhi ya mifugo yanayoenezwa na mbung'o, yalikabiliwa kwanza kwa kupunguza wadudu hao kwa viuawadudu. Kisha, kuanzia mwaka 1994, madume waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kisiwani kwa ndege. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o.

Msingi wa kazi hiyo waweza kuandikwa hivi:

(2) Kwa kuwa jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, madume tasa wakiwazidi sana wale wa mwituni, kizazi kitakatika.

Sentensi (2) ina sababu, sharti (-ki-) na tokeo (-ta-). La muhimu zaidi, yaweza kukanushwa: mitego ingeendelea kunasa mbung'o wa mwituni, dai lingeanguka. Mawanda nayo yalikuwa bayana: spishi moja tu, Glossina austeni, katika kisiwa ambacho bahari ilizuia wengine kuingia. Msamiati pia ni sehemu ya mawanda. Hojaji inayouliza kama "inzi" wanauma ng'ombe itachanganya mbung'o na chafuo, na majibu hayatafaa kitu.

5.0 Mtenda

Mapendekezo mengi hutegemea kauli ya kutendwa: "damu itachukuliwa", "wanyama watapimwa". Kauli hii inakubalika kitaaluma, lakini humficha mtenda. Ni nani atakayechukua damu, ana ujuzi gani, atachukua mara ngapi, na kwa ridhaa ya nani? Kwa mfugaji mwenye ng'ombe mmoja anayekamwa, mkono usio na ujuzi ni hasara ya riziki. Pendekezo lisilomtaja mtenda halimtaji pia atakayewajibika.

6.0 Hitimisho

Sentensi (1) sasa yaweza kusahihishwa:

(3) Utafiti huu utalinganisha kiasi cha bakteria katika maziwa mabichi ya kila ng'ombe mara baada ya kukamwa na katika maziwa ya zizi hilohilo yanapofika dukani Mlandege.

Sentensi (3) ni ndefu kuliko (1), lakini inamwambia msomaji nini kitapimwa, wapi na lini. Bado haijamtaja mtenda. Hiyo ni kazi ya sehemu ya mbinu. Inapendekezwa kwamba zoezi la namna hii, la kuandika sentensi moja upya hadi iweze kupimwa, litangulie ufundishaji wa muundo wa pendekezo zima.